Kuchora uso wa binti kwa rangi za mafuta: kivuli si cheusi

Kwanza ubao. Mimi natumia hadibodi: naisugua kwa msasa, kisha napiga praima nyeupe mikono miwili. Ukiruka hapo, ubao utafyonza mafuta yote na rangi itafifia. Kukosa turubai si udhuru. Alexej von Jawlensky, Mrusi aliyehamia München mwaka 1896, picha zake nyingi za ekspreshonisti, yaani za kuonyesha hisia kwa rangi kali kuliko kunakili sura, alizichora juu ya karatasi gumu.

Pili, mkao. Bagamoyo bahari iko mashariki, kwa hiyo asubuhi mwanga huingia dirishani ukiwa chini na kuugawa uso nusu kwa nusu. Mpwa wangu hukaa kwenye kigoda tangu saa moja. Ikigonga saa tatu na nusu namruhusu akanywe chai, jua limeshapanda.

Mistari ya mwanzo ichore kwa buluu iliyozimuliwa na tapentaini. Shingo irefushe ukipenda. Kope moja moja achana nazo.

Sasa kivuli, na hapa ndipo wengi tunapoharibu. Ngozi nyeusi tunaikimbilia na rangi nyeusi au kahawia, uso unakufa. Fumba macho nusu mpaka uone pande mbili tu, mwanga na giza. Upande wa giza paka kijani kilichokolezwa buluu. Wa mwanga, machungwa na ocha, ile njano ya udongo. Rangi yoyote itakubali, hata zambarau, mradi ya gizani isiwe na weupe kuliko ya kwenye mwanga. Huna hakika? Ipige picha kwa simu, uiondoe rangi. Kama bado unamwona mtu, endelea.

Binti alipochungulia nikiwa nimemaliza kijani tu, akaguna: “Mjomba, mbona umenifanya embe bichi?”

“Subiri mama, shavu la pili bado.”

Nilipoweka machungwa pembeni yake, kile kijani kikarudi nyuma, kikawa kivuli.

Mwisho zungushia taya, pua na macho mistari minene ya buluu nzito, na khanga aliyovaa ipake kwa kisu cha kupakia rangi. Rangi nene daima iwe juu ya nyembamba, la sivyo itapasuka. Halafu vumilia: rangi ya mafuta hukauka kwa kushika oksijeni, si kwa kutoa maji kama nguo kambani, na sehemu nene huchukua wiki kadhaa. Ianike ndani. Ya kwangu niliiacha barazani siku ya kusi, mchanga uko shavuni mpaka leo. Mwenyewe anasema nimemchora na chunusi.