Oili ya injini inanuka dizeli: uanzie wapi kwenye lori la zamani

Injini iliyochoka kawaida hula oili. Ukiona kiwango kwenye dipstiki kinapanda na hukuongeza chochote, basi kuna kitu kinaingia, na mara nyingi ni maji au dizeli. Maji huigeuza oili ikawa kama chai ya maziwa. Dizeli huiacha nyeusi vilevile, ila inakuwa nyepesi na kuchuruzika haraka kwenye dipstiki.

Hapa tunazungumzia zaidi malori kama Canter ya 4D33 na Isuzu NPR ya 4HF1, yenye pampu ya dizeli ya mstari (ndiyo tutakayoiita pampu kubwa) inayolainishwa na oili ya injini yenyewe. Kama pampu yako ina oili yake ya pembeni isiyochanganyika na ya injini, pampu hiyo haina kesi. Dizeli ikivuja humo, ni oili ya pampu itakayojaa.

Kwanza hakikisha. Oili yoyote iliyotumika kwenye dizeli hunuka moshi, na wengi hudanganyika hapo. Weka matone mawili ya oili yako kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa, na pembeni yake matone ya oili ya gari jingine zima lililotembea kilomita karibu sawa. Iache karatasi ilale bila kugusa meza katikati, usiku kucha. Masizi yatabaki katikati. Kukiwa na dizeli, utaona duara pana la rangi hafifu limetambaa nje mbali kuliko la jirani yake, na ukilinusa harufu iko palepale. Usijaribu kwa kiberiti.

Kisha pima kasi ya kiwango kupanda, kwa sababu kasi hiyo ndiyo inayokupeleka kwa mkosaji. Mwaga oili yote, badilisha filta, weka oili mpya hadi alama ya juu. Pima kila asubuhi kabla ya kuwasha, lori likiwa pahali tambarare. Kiwango kikipanda ndani ya siku moja au mbili, shuku fidi pampu (pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangi) au pampu kubwa. Kikipanda polepole kwa wiki, huku asubuhi injini inatoa moshi mweupe na kutetemeka, shuku nozeli, yaani vinyunyizio vya dizeli kwenye silinda. Kwenye injini inayobeba lita 10, nusu lita tu ya dizeli inakaribia asilimia 5, na hapo oili haifai tena: 15W-40 inapoteza uzito, presha ya oili inashuka, na beringi za krenki zinaanza kulika.

Kikipita alama ya juu kwa kiasi kikubwa, usiwashe. Krenki itaichapa oili, mvuke wake utavutwa kupitia bomba la pumzi hadi kwenye manifoldi, na injini inaweza kupanda raundi yenyewe kwa kuchoma oili yake. Hapo kuvuta kebo ya kuzimia hakusaidii. Ziba mdomo wa hewa kwa ubao imara, kamwe si kwa mkono.

Tuanze na fidi pampu, maana ni rahisi na wengi huiruka. Ni ile ndogo iliyofungwa ubavuni mwa pampu kubwa, yenye kitufe cha kupigia mkono. Fimbo yake inasukumwa na kemu ya pampu kubwa, na fimbo ikilika dizeli hupita kandokando yake, inaingia tumboni mwa pampu, kisha inarudi sampu (bakuli la oili chini ya injini) pamoja na oili. Ifungue, ziba tundu la kutokea, ingiza hewa ya bar 2 kwenye tundu la kuingilia na uizamishe kwenye beseni la dizeli safi. Povu moja moja huvumilika. Vipovu vikitoka mfululizo kwenye fimbo, hiyo imekwisha. Kubadilisha oringi pekee hakutadumu kama fimbo yenyewe ina mikwaruzo.

Ikiwa nzima, geukia pampu kubwa. Pampu nyingi za aina ya A zina kifuniko cha ubavuni kilichofungwa kwa skrubu. Kifungue injini ikiwa imezimwa, futa ndani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha piga pampu ya mkono kwa dakika kadhaa huku ukimulika kwa tochi. Dizeli ikiteremka kwenye springi ya elementi moja (kisukuma dizeli cha silinda moja), umepata. Kazi iliyobaki ni ya karakana yenye mashine ya kupimia pampu. Ukilegeza elementi barabarani utaharibu kipimo cha silinda zote.

Nozeli ni hadithi nyingine. Injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), legeza kwa zamu nati ya bomba la presha la kila silinda. Ukilegeza moja na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo haifanyi kazi. Weka mkono mbali, dizeli ya presha hupenya ngozi na jeraha lake ni la hospitali siku hiyohiyo, hata kama linaonekana kama tundu la sindano. Nozeli ipimwe kwenye mashine: ishikiliwe bar 20 chini ya presha yake ya kufungukia kwa sekunde 10, isidondoke hata tone. Inayodondoka huosha oili ukutani mwa silinda na dizeli hushuka kupitia ringi. Kila ukirudisha nozeli, weka washa mpya ya shaba.

Pikapu zenye pampu ya duara hutegemea inavyoendeshwa. Kwenye Isuzu 4JB1 au Nissan TD27 pampu inaendeshwa na gia, kwa hiyo sili ya shafti ikichoka dizeli inaingia sampu. Kwenye Toyota 2L au 3L, zenye mkanda, sili hiyohiyo humwaga nje kwenye kava la mkanda. Oili ya injini hizo za mkanda ikinuka dizeli, angalia nozeli.

Pima kompresheni baada ya hayo yote, si kabla. Ringi hulaumiwa bure, na watu hufungua injini nzima kumbe tatizo ni fimbo ya fidi pampu.

Angalia pia kama thermostati, vali inayodhibiti joto la maji ya injini, ipo. Mafundi wengi huitoa wakidai inachemsha injini. Bila hiyo, maji hayafiki nyuzi 76 hadi 82 ambapo nyingi hufunguka, dizeli haiungui yote, na inayoteremka sampu haivukizi kirahisi kama petroli. Irudishe. Baada ya matengenezo badilisha tena oili na filta, kisha pima kiwango kwenye kilomita 200 na tena kwenye 500.