Kumsaidia ng'ombe wa maziwa msimu wa joto

Nafuga Friesian hapa Tanga, na kuanzia Desemba hadi Machi kazi yangu kubwa saa nane mchana ni kuhesabu pumzi. Simama bandani, tazama ubavu wa ng'ombe dakika moja nzima. Akipita pumzi 60 naye amelala tu, joto limeshamzidi. Wengine huachama mdomo, mate yakining'inia hadi sakafuni.

Ndani yake homoni zimeshaanza kazi. Kwanza kortisoli, homoni ya msongo, hupanda ili mwili upate nguvu ya haraka. Joto likiendelea siku kadhaa, tezi ya thairoidi iliyo shingoni hupunguza homoni zake ili mwili usizalishe joto jingi, na hamu ya kula hupungua. Ndiyo maana maziwa yanashuka. Usimrundikie pumba mchana, tafadhali! Chakula kikichachuka tumboni huongeza joto lile lile analolikimbia. Sehemu kubwa mpe jua likizama, nyingine alfajiri.

Maji yawepo muda wote, kivulini. Homoni inayozuia maji kupotea hupunguza mkojo, lakini pumzi na jasho bado vinayatoa. Weka na jiwe la chumvi. Mmwagie maji mgongoni, kisha upepo umpitie. Banda lililozibwa pande zote hutunza unyevu tu, hasa huku pwani.

Kuna jambo linawaponyoka wengi: estrojeni, homoni ya uzazi ya jike, nayo hushuka, hivyo dalili za kutaka dume huwa hafifu na za muda mfupi. Mchunguze usiku na alfajiri, ndipo umwite mhimilishaji, yule anayepandikiza mbegu za dume.