Kugawanya desimali bila kuogopa nukta

Mpe mwanafunzi wa darasa la sita 1425 ÷ 38. Atakuna kichwa, atazidisha zidisha pembeni ya daftari, mwisho atafika. Mpe 142.5 ÷ 3.8 uone anavyoweka kalamu chini. Tarakimu ni zilezile na kazi ya mkono ni ileile. Kilichomkwamisha ni zile nukta, na mara nyingi ni kwa sababu aliambiwa "hamisha nukta" bila kuambiwa kwa nini inaruhusiwa.

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa darasa la tano mpaka la saba, na wazazi wanaosimamia kazi za nyumbani jioni. Unatakiwa uwe unajua kuzidisha mpaka 9 × 9 kwa kichwa na kugawanya namba nzima kwa njia ndefu. Kama njia ndefu bado inakusumbua, anza nayo kwanza. Desimali zitakungoja.

Darasani huwa naziita namba hizi mbili "ya ndani" na "ya nje". Katika 142.5 ÷ 3.8, namba 142.5 ni ya ndani kwa kuwa inaingia ndani ya alama ya kugawanyia, na 3.8 inabaki nje, mkono wa kushoto.

Hatua ya 1: Kadiria kwanza

Wengi huiruka hatua hii, nami sikubali irukwe. Kabla ya kugawanya chochote, zifanye namba zote mbili ziwe nyepesi. 142.5 ni karibu na 140, na 3.8 ni karibu na 4. Mia na arobaini gawanya kwa nne ni 35. Basi jibu litakuwa thelathini na kitu. Ukimaliza ukaona 3.75 au 375, utajua papo hapo kwamba nukta imekaa pasipo pake, hata kabla mwalimu hajapita na kalamu nyekundu.

Hapa kuna jambo linalowashangaza watu wazima pia: ukigawanya kwa namba iliyo chini ya 1, jibu huwa kubwa kuliko ulichoanza nacho. 2 ÷ 0.25 ni 8. Mtoto aliyezoea kwamba kugawanya kunapunguza atadhani amekosea. Lakini mpeleke dukani kwa Mangi. Kilo 2 za sukari zikifungwa kwenye vifuko vya robo robo, vinatoka vifuko vinane. Kila kilo inatoa robo nne, kwa hiyo kugawanya kwa 0.25 ni sawa na kuzidisha kwa 4. Kwa mtindo huohuo, kugawanya kwa 0.5 ni kuzidisha kwa 2, na kugawanya kwa 0.125, yaani nusu robo, ni kuzidisha kwa 8. Kilo 12.5 zikipimwa robo robo ni 12.5 × 4, vifuko 50. Muuza duka hafikirii hata kidogo kwamba anagawanya desimali.

Hatua ya 2: Ya nje ikiwa namba nzima

Hii ndiyo rahisi. Gawanya kama kawaida, na nukta ya jibu iweke juu kabisa ya nukta iliyo ndani. Tuchukue 7.35 ÷ 5.

5 katika 7 inaingia mara 1, baki 2. Sasa umefika kwenye nukta, basi weka nukta kwenye jibu kabla ya kuendelea. Shusha 3, upate 23. 5 katika 23 ni mara 4, baki 3. Shusha 5, upate 35. 5 katika 35 ni mara 7. Jibu: 1.47.

Nasisitiza kuiweka nukta wakati unapoifikia. Ukisema utaiweka mwishoni, mwishoni utabahatisha.

Sasa angalia 6.12 ÷ 6, swali linaloonekana dogo na ndilo linalokosewa kuliko mengine yote ninayosahihisha. 6 katika 6 ni mara 1. Weka nukta. Shusha 1. 6 katika 1 haiingii, na hapo ndipo mtoto anaposhusha 2 harakaharaka, anagawanya 12 kwa 6 na kuandika 1.2. Haiingii maana yake ni sifuri, na sifuri lazima iandikwe. Jibu ni 1.02. Kanuni ninayoisimamia ni hii: baada ya tarakimu ya kwanza ya jibu, kila unaposhusha tarakimu moja, tarakimu moja iandikwe juu, hata kama ni sifuri.

Na tarakimu za kushusha zikiisha huku baki bado ipo? Ongeza sifuri mwishoni mwa namba ya ndani, baada ya nukta. 3.7 ni sawasawa na 3.70 na 3.700, hujabadilisha kitu. Kwa hiyo 3.7 ÷ 4: 4 katika 3 haiingii, andika 0 na nukta, 37 inatoa 9 baki 1, sifuri inafanya 10, inatoa 2 baki 2, sifuri nyingine inafanya 20, inatoa 5. Jibu 0.925.

Hatua ya 3: Ya nje ikiwa na nukta

Andika haya mstari mmoja mmoja:

6 ÷ 2 = 3
60 ÷ 20 = 3
600 ÷ 200 = 3

Namba zote mbili zimezidishwa kwa 10, kisha tena kwa 10, na jibu halijatikisika. Siri nzima iko hapo. Hatuhamishi nukta kwa kupenda. Tunazidisha namba zote mbili kwa 10, au 100, au 1000, mpaka ya nje iwe namba nzima. Swali jipya lina jibu lilelile na swali la zamani, ila sasa ni swali la Hatua ya 2.

Turudi kwa 142.5 ÷ 3.8, tulipe na maana. Dereva wa bodaboda amekwenda kilomita 142.5 kwa lita 3.8 za petroli, anataka kujua lita moja inampeleka wapi.

Ya nje, 3.8, ina tarakimu moja baada ya nukta. Zidisha zote mbili kwa 10: swali linakuwa 1425 ÷ 38.

38 katika 142 inaingia mara 3, kwa kuwa 3 × 38 = 114. Baki 28.
Shusha 5, upate 285. 7 × 38 = 266. Baki 19.
Tarakimu zimekwisha. Weka nukta kwenye jibu, ongeza sifuri, upate 190. 5 × 38 = 190. Baki hakuna.

Jibu ni kilomita 37.5 kwa lita. Tulikadiria thelathini na kitu, tumefika. Ukitaka uhakika kamili, zidisha 37.5 × 3.8, utapata 142.5.

Tarakimu za baada ya nukta zikitofautiana, iangalie ya nje peke yake. Katika 3.6 ÷ 0.45, ya nje ina tarakimu mbili baada ya nukta, kwa hiyo zidisha kwa 100 kote. 0.45 inakuwa 45, na 3.6 inakuwa 360, siyo 36. Hiyo sifuri ya mwisho wengi huiacha njiani. 360 ÷ 45 = 8. Kwa upande mwingine, 4.96 ÷ 1.6 inakuwa 49.6 ÷ 16. Ya ndani imebaki na nukta yake na haina tatizo lolote, jibu ni 3.1. Usiendelee kuzidisha ili kuisafisha na yenyewe, unajiongezea kazi bure.

Nukta yenyewe, kwa wanaopenda historia, ni alama tu ya kuonyesha mamoja yanaishia wapi. Simon Stevin, aliyechapisha kijitabu cha desimali huko Ulaya mwaka 1585, hakuitumia kabisa. Aliandika namba ndogo ndani ya viduara kando ya kila tarakimu kuonyesha kama ni sehemu za kumi au za mia. Kugawanya kulikwenda vilevile.

Nukta na mkato

Msomaji aliyesoma Bukavu au Bujumbura ameshaona kitu hapa. Kwenye shule zilizofuata mtindo wa Kifaransa, desimali huandikwa kwa mkato: 3,8. Kwetu Tanzania mkato hutenganisha maelfu, kwa hiyo 1,250 ni elfu moja mia mbili na hamsini, na kwake inaweza kusomeka moja na robo. Mkiwa na daftari za kutoka pande zote mbili, kubalianeni kwanza. Hatua hazibadiliki.

Hatua ya 4: Baki ni ya nini hasa?

Hapa ndipo hata wanaopata vizuri huteleza, kwa hiyo twende taratibu. Una lita 10 za mafuta ya kula na chupa za lita 0.75. Utajaza chupa ngapi, na yatabaki mafuta kiasi gani?

10 ÷ 0.75 inakuwa 1000 ÷ 75. Inatoka 13, baki 25. Chupa 13, sawa. Lakini lita 25 zimebakije wakati ulianza na lita 10?

Kumbuka tulizidisha kwa 100. Jibu halikubadilika, ila baki nayo ilizidishwa kwa 100. Irudishe: 25 ÷ 100 = 0.25. Imebaki robo lita. Hakiki: 13 × 0.75 = 9.75, ongeza 0.25, unapata 10.

Ukiendelea kugawanya badala ya kusimama kwenye baki, utapata 13.333… na tatu hazitaisha. Kwa chupa, jibu hilo halina faida. Hakuna anayenunua theluthi ya chupa. Lisome swali uone linataka nini.

Hatua ya 5: Jibu lisiloisha

Ya nje ikishakuwa namba nzima, na ikajengwa kwa 2 na 5 tu zikizidishwa, kama 4, 8, 20 au 25, jibu lazima liishe. Ikiwa na 3 au 7 ndani yake, kuna uwezekano mkubwa lisiishe. 22 ÷ 7, tunayoitumia kwa pai, hutoa 3.142857 na tarakimu hizo sita baada ya nukta hujirudia bila kikomo.

Swali likitaka nafasi mbili za desimali, gawanya mpaka nafasi ya tatu. 5 ÷ 0.7 ni 50 ÷ 7, yaani 7.142… Ya tatu ni 2, iko chini ya 5, kwa hiyo andika 7.14. Ingekuwa 5 au zaidi, ungeongeza 1 kwenye nafasi ya pili.

Mazoezi

a) 0.84 ÷ 7
b) 18.27 ÷ 9
c) 6.3 ÷ 0.09
d) 5.4 ÷ 1.5
e) Kamba ya mita 20 inakatwa vipande vya mita 1.6. Vipande vizima vingapi, na inabaki kamba ya urefu gani?

Majibu: a) 0.12, b) 2.03, c) 70, d) 3.6, e) vipande 12, inabaki mita 0.8.

Aliyepata 2.3 kwenye b) arudie 6.12 ÷ 6. Aliyepata 7 kwenye c) amesahau sifuri ya 630. Na aliyebakiwa na mita 8 kwenye e) aisome tena Hatua ya 4, kwa sababu mita 8 zinatosha kutoa vipande vingine vitano.