Soya mbichi ndiyo inadumaza kuku wako, na kuongeza zaidi hakusaidii

Wakulima wenzangu wa huku Western ya Kenya hadi Nakuru, wacha leo tuongee juu ya soya, kwa sababu nimechoka kukuta kuku wa miezi mitatu wana mwili wa kuku wa mwezi na nusu na mwenyewe anasema ati mbegu ni mbaya, ama kuna mtu amewaangalia vibaya, kumbe shida iko ndani ya gunia la chakula pale kwa kona ya stoo.

Majuzi nilikuwa kwa mama mmoja upande wa Butere, ana kuku sitini wa kienyeji walioboreshwa. Alilima soya yake mwenyewe, mbegu ya SB19, ikazaa vizuri, akaona bei ya chakula cha dukani imepanda akaamua kujitengenezea, na hapo namsifu. Akaanika soya, akaipeleka poshomili ikasagwa pamoja na mahindi, akachanganya na omena kidogo, wale dagaa wa ziwani. Hesabu ya protini aliiandika kwa daftari ya mtoto ya shule, nikaipitia mstari kwa mstari, haikuwa na kosa. Lakini kuku wamedumaa, manyoya yamesimama hayalali, kinyesi chepesi, takataka ya chini imelowa hadi inanuka ukiwa mlangoni.

"Daktari, nilikuwa naweka soya kilo 20 kwa kila kilo mia ya chakula, nikaona hawakui, nimepandisha hadi 30, na sasa ndiyo wamezidi kukonda."

Nikamwambia mama, hapo ndipo tulipopotea njia. Ile soya ilienda kinuni mbichi, yaani ilianikwa tu, haikupikwa.

Tukachinja jogoo mmoja aliyedumaa, na shemeji yake akatuletea wa rika moja kutoka kwake, wanaokula chakula cha duka. Hii kitu nataka hata wewe uifanye siku ukichinja kuku wa mgeni. Ukifungua tumbo tafuta firigisi, halafu fuata utumbo mwembamba pale unapoanzia, utaona unashuka kisha unajikunja unarudi juu kama kitanzi. Katikati ya hicho kitanzi kumelala kitu chembamba kirefu, rangi yake kati ya waridi na manjano, laini. Hiyo ndiyo kongosho. Ya yule wa shemeji ilikuwa nyembamba tu imetulia, ya yule wa soya mbichi ilikuwa imenenepa imejaa kitanzi chote, na huyo ndiye kuku mdogo kati ya wale wawili! Mama akanyamaza akaangalia, halafu akaniuliza sasa kuku mdogo anapata wapi kongosho kubwa hivyo.

Jibu lake ndilo hili, na litachukua muda kidogo, vumilia.

Kongosho inatengeneza vimeng'enya, wengine wanaita enzaimu, na kimoja kinaitwa tripsini. Kazi ya tripsini ni kukata protini. Protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo vinavyoitwa amino asidi, na tripsini inajua mahali pake pa kukata, inakata baada ya amino asidi mbili, laisini na ajinini, sio popote tu. Protini isipokatwa haipiti ukuta wa utumbo kuingia kwa damu, inapita tu na kutoka nyuma, kwa hivyo unaweza kulisha kuku protini ya bei kali na yeye bado ana njaa ya protini.

Sasa fikiria tripsini ni poshomili ya hapo sokoni Luanda. Asubuhi wateja ni wachache, akija mmoja anasagiwa, wakija wawili kazi inaongezeka mara mbili. Kadiri gunia zinavyoongezeka ndivyo unga unavyotoka haraka, lakini inafika mahali kinu kimejaa, hakipumziki hata dakika, na hapo hata ulete gunia mia zaidi kasi ni ile ile. Hiyo ndiyo kasi ya juu ya kimeng'enya. Mwaka 1913 Leonor Michaelis na Maud Menten, wakiwa Berlin, waliandika hesabu ya hii foleni wakitumia kimeng'enya kinachovunja sukari, na hadi leo hesabu ni yao. Walipima pia ni chakula kiasi gani kinahitajika ili kinu kifike nusu ya kasi yake ya juu. Kiasi kikiwa kidogo, ujue hicho kimeng'enya kinashika chakula chake kwa nguvu.

Kisha kuna vizuizi, yaani vitu vinavyozuia kimeng'enya kufanya kazi, na haviko aina moja. Cha kwanza ni kama mtu anakuja na gunia la mchanga anasimama mdomoni mwa kinu, anakaa kidogo anaondoka, anarudi tena. Huyo unaweza kumshinda kwa wingi, wateja wa ukweli wakijaa yeye hapati nafasi, na kasi ya juu inafikiwa ile ile ila inahitaji wateja wengi zaidi. Cha pili hakisimami mdomoni, kinaenda kando kinalegeza mkanda wa mota. Hapo wateja wakija hata wote wa siku ya soko haisaidii, kasi ya juu yenyewe imeshuka.

Sasa kizuizi cha soya ni mjanja, na hapa ndipo wengi hawaelewi. Kinaingia kwa mdomo kama yule wa kwanza, kinajifanya protini ya kukatwa, lakini kikishaingia kinang'ang'ana, karibu hakitoki kabisa. Kimoja kinafunga tripsini moja na hiyo tripsini imetoka kazini. Kwa hivyo ingawa kimeingia kwa njia ya foleni, mwisho wake ni kama vinu vimepunguzwa, na huwezi kukishinda kwa kuongeza chakula. Na mbaya zaidi, yule mama alipoongeza soya mbichi kutoka kilo 20 hadi 30 aliongeza protini, ndiyo, lakini kila kilo ilikuja na vizuizi vyake ndani. Ni kama kuongeza wateja ambao kila mmoja amebeba jiwe la kutupa kinuni.

Na kongosho? Mwili unaona tripsini imepotea tumboni, unaituma kongosho tengeneza ingine, inatengeneza, inafungwa, inatumwa tena, hivyo hivyo mchana na usiku hadi inavimba. Hizo enzaimu zenyewe ni protini, tena zina amino asidi zenye salfa kwa wingi, ndizo soya tayari inazo kidogo. Zote zinaenda na kinyesi. Kwa hivyo kuku hapati protini ya soya na juu yake anatoa protini yake mwenyewe mwilini anaimwaga chini. Hiyo inaniuma kila nikiiona.

Hii sio habari mpya. Mwaka 1917 huko Marekani Thomas Osborne na Lafayette Mendel waliona panya wanaolishwa soya mbichi hawakui, ikipikwa wanakua. Mwaka 1945 Moses Kunitz akakitoa kizuizi chenyewe kikiwa safi. Kiko kingine kidogo zaidi kinaitwa Bowman-Birk, hicho kimefungwa kwa vifundo vingi kwa hivyo kinavumilia moto kuliko cha Kunitz. Vyote ni protini, na protini ikipata joto la kutosha inajikunjua, inapoteza umbo lake, haiwezi tena kuingia kwa mdomo wa tripsini. Ndiyo maana dawa ni moto. Hakuna unga wa agroveti unaohitajika hapa.

Namna ninavyofanya mimi: naloweka soya usiku mmoja ili moto uingie hadi katikati ya punje. Asubuhi namwaga hayo maji, nachemsha maji mengine, yakishatokota ndiyo ninaweka soya, yakirudi kutokota ndiyo naanza kuhesabu dakika 30. Usihesabu kabla. Na kama uko juu kule Nakuru ama Molo, ongeza kama dakika kumi, kwa sababu maji yanachemka mapema ukipanda mlima, Kisumu ni kama digrii 96, Nakuru mjini ni kama 94, na ukienda Molo inashuka tena. Mtu wa Kisumu akikupa dakika zake usizichukue hivyo hivyo. Baada ya hapo chuja, anika juu ya turubai hadi punje ipasuke kwa meno, na usije ukaisaga ikiwa na unyevu maana itaota ukungu, na sumu ya ukungu haiondoki ukipika.

Kukaanga pia kunafaa, lakini moto mkavu hauingii sawa, punje ya chini inaungua na ya juu bado mbichi. Fundi wa jua kali anaweza kukutengenezea pipa la kuzungusha kwa mkono, weka kidogo kidogo, nyunyiza maji kwanza, zungusha bila kuacha. Harufu ndiyo itakuambia, ile ya nyasi mbichi inaisha inakuja ya njugu karanga, na ukivunja punje ndani ni rangi ya dhahabu.

Ikiwa kahawia nzito umepitiliza. Moto ukizidi laisini inashikana na sukari ya soya na kuku hawezi kuichukua tena, umeua kizuizi na umeua pia chakula. Nimeona watu wakiambiwa soya mbichi ni mbaya wanaichoma hadi inafanana na kahawa, na kuku wanadumaa vile vile, halafu wanarudi kusema soya haifai.

Kupima nyumbani iko rahisi. Soya ina kimeng'enya kingine kinaitwa urease, kinavunja yuria kuwa amonia, na kinakufa kwa joto karibu sawa na lile linaloua kizuizi. Chukua chupa mbili za jemu, moja weka kijiko kikubwa cha soya mbichi iliyosagwa, ya pili ile uliyopika ikakauka ukaisaga, kila moja ongeza kijiko kidogo cha mbolea ya yuria na maji vuguvugu vijiko vitano, funga, ngoja dakika 20. Fungua unuse. Ile mbichi itakupiga na harufu ya choo cha zamani hadi macho. Iliyoiva haitoi harufu hiyo, ama inatoa kidogo sana. Ikinuka karibu sawa na mbichi, rudisha motoni. Kumbuka hiki kipimo kinakuambia tu kama haijaiva, hakikuambii kama imeungua, hapo ni rangi na harufu. Na kile kilichobaki kwa chupa usimpe mnyama yeyote, kimwage kwa shimo la mboji.

Kwa kuku wanaokua, kuanzia miezi miwili hivi, mimi nachanganya mahindi kilo 70, soya iliyopikwa 20, omena 7, na tatu zilizobaki ni chokaa, chumvi kidogo na primiksi, ule mchanganyiko wa vitamini na madini. Inakuja karibu asilimia 17 ya protini ikiwa omena yako ni safi haijajazwa mchanga. Omena usiitoe, ndiyo inaleta methionini, moja ya zile amino asidi zenye salfa, ambayo soya haina ya kutosha. Saga ya wiki mbili tu, soya ina mafuta mengi na ikishasagwa inachacha.

Nguruwe ni kama kuku tu, hasa watoto wao, pika. Ng'ombe mkubwa anaweza kula soya mbichi kiasi kwa sababu vijidudu vya tumbo lake la kwanza vinavunja kile kizuizi, lakini usithubutu kuchanganya soya mbichi na yuria kwa chakula cha ng'ombe, umeona vile chupa ilifanya, fikiria hiyo amonia ndani ya tumbo. Ndama hilo tumbo lake bado halijakomaa, usimpe.

Na kama soya yako uliinyunyizia dawa ya wadudu wa ghala zile za oganofosfeti, hizo nazo ni vizuizi vya kimeng'enya, zinafunga kile cha kwenye neva za mdudu, na kuku pia ana neva. Ya kulisha iweke kando kutoka siku ya kuvuna.

Yule mama wa Butere sasa anachemsha kila Jumamosi, watoto wanamsaidia kuanika. Jana alinipigia akauliza yale maji ya kuchemshia anaweza kuwapa kuku wanywe, kwani yanaonekana yana nguvu. Nikamwambia hapana mama, mna sukari za soya zinazowajaza gesi na kulowesha takataka, mwagia migomba.