Kupima mutesheni za kipokezi cha utamu: aspatemu peke yake haitoshi

Hii kitu wanafunzi wanaokuja maabara hapa Kisumu huniuliza kila mara, acha niiweke hapa. Umebadilisha asidi amino moja (hiyo ndiyo mutesheni) kwa kipokezi cha utamu, ile protini ya ulimi inayosikia tamu, na sasa hakijibu tena aspatemu, ile sukari bandia. Sasa umeguza mahali aspatemu hushika, ama umeua kipokezi chote?

Kipokezi ni protini mbili zimeshikana, T1R2 na T1R3. Aspatemu hushika ile sehemu ya nje ya T1R2. Saiklameti, sukari bandia nyingine, haiendi huko, yenyewe huingia T1R3, ile sehemu imezama ndani ya utando wa seli. Kazi yote inasimama hapo.

Hatua ya 1: Kama ndio unaanza chukua S144A (serini ya nafasi 144 imegeuzwa alanini) ama E302A (glutameti ya nafasi 302 imegeuzwa alanini) ya T1R2 ya binadamu, hizo zinajulikana, aspatemu inapotea na saiklameti inabaki. Tengeneza praima (vipande vifupi vya DNA vyenye badiliko lako), nakili kwa PCR plazmidi nzima, ile duara ya DNA inayobeba jeni, kimeng'enya DpnI kikule plazmidi ya zamani, kisha ingiza mpya kwa bakteria. Halafu tuma DNA isomwe, usiamini koloni kwa macho jameni.

Hatua ya 2: Ingiza T1R2 yenye mutesheni, T1R3 ya kawaida na protini G ya kuunganisha (inageuza ishara ya kipokezi kuwa kalsiamu ndani ya seli) kwa seli za HEK293, seli za figo ya binadamu za kukuzwa maabara. Tumia midia ya glukosi kidogo, maanake kipokezi kikikaa kwa sukari usiku mzima kinazoea na asubuhi hakijibu vizuri. Na kama stima ilipotea usiku angalia hizo seli kwanza kabla hujamwaga Fluo-4 ya bei, ile rangi inayowaka ikikutana na kalsiamu.

Hatua ya 3: Weka Fluo-4, osha, kisha ongeza dozi pole pole kutoka chini, upime mwangaza wa kalsiamu. Ukitaka kupima sukrosi pia, hiyo inataka dozi kubwa sana na maji mazito ya sukari yanakamua seli, zinaweza kuwaka bila kipokezi kuhusika, kwa hivyo lazima uwe na seli zisizo na kipokezi hapo kando. (Na nunua sukrosi safi, si ile ya chai.)

Hatua ya 4, hapa ndio watu huharakisha. Aspatemu imelala na saiklameti imewaka: umeguza T1R2 pale pale. Zote zimelala: usiandike kitu bado, pengine protini haikufika juu ya seli, pima na kingamwili. Zote zimewaka lakini aspatemu inataka dozi zaidi: chora mkunjo, linganisha EC50, yaani dozi inayotoa nusu ya jibu la juu kabisa. Mwisho ongeza laktisoli, hiyo hufunga T1R3 ya binadamu, mwangaza ukizima basi ni kipokezi ulikuwa unaona kweli.

Halafu uliza jeni iliyo kwa plazmidi imetoka kwa mnyama gani. Ya paka usijisumbue, jeni yao ya T1R2 ilipoteza herufi 247 za DNA na haifanyi kazi. Ya panya ni mbaya zaidi kwa sababu inafanya kazi vizuri na sukari lakini aspatemu haiisikii kabisa, hata bila mutesheni yoyote.