Mvinyo wa machungwa nyumbani: kazi yote iko kwenye kumenya

Shemeji yangu wa Ngora, huku Teso, mashariki mwa Uganda, alinipigia simu akilalamika kwamba mvinyo wake wa machungwa umetoka mchungu kama mwarobaini. Alikuwa ameshailaumu hamira, akailaumu sukari, akafika hadi kwenye maji ya kisima. Nilimuuliza jambo moja tu: "Shemeji, uliyakamuaje?" Akasema aliyakata nusu nusu, akayabana kwenye mashine pamoja na maganda, kisha nyumbani wakaichemsha juisi ili kuua vijidudu. Jibu lilikuwa hapo hapo. Nilikwenda kwake tukaanza upya, na huu ndio utaratibu tuliofuata. Ni wa jerikeni ya lita 20, ila ndani tunaweka lita 15 tu, maana povu linataka nafasi.

Vifaa

Jerikeni mbili mpya za kuwekea chakula, ya pili ndogo kuliko ya kwanza, mpira mwembamba wa plastiki kama mita moja na nusu, kitambaa safi cha kuchujia, chupa tupu ya maji, na haidromita, yaani kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyomo. Watu huiona haidromita kuwa anasa. Mimi ningeinunua kabla ya jerikeni, kwa sababu bila hiyo huwezi kujua kama sukari imekwisha au hamira imelala tu. Jerikeni ya njano iliyokuwa na mafuta ya kupikia usiiguse, hata ukipewa bure. Ile harufu haitoki. Sufuria ya alumini nayo isikae na juisi, kwa kuwa asidi huila.

Osha kila kitu kwa maji ya moto na suuza vizuri. Sabuni ikibaki, utaionja.

Hatua ya 1: Machungwa

Kwa lita 10 za juisi tafuta machungwa ya wastani 120 hadi 150, kutegemea yana maji kiasi gani. Msimu wa Teso ukifika, magunia yanajipanga kando ya barabara ya kwenda Soroti na bei inakuwa ya kuongea. Usichague kwa rangi. Machungwa yetu hubaki ya kijani hata yakiiva sawasawa, kwa kuwa usiku wa huku hauna baridi ya kuondoa ukijani. Chagua kwa uzito mkononi, na umwombe muuzaji akukatie moja uonje. Likiwa na doa la kuoza, liache. Usikubali habari ya "hili la mvinyo halina neno".

Kama una nafasi ya kuchagua aina, chukua Valencia. Washington Navel, lile lenye kitovu chini, ni tamu sana kwa kula na ni baya kwa kazi hii. Sababu inafuata.

Hatua ya 2: Kumenya na kukamua

Hapa ndipo mvinyo wa machungwa unapopatikana au kupotea, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Chungwa lina maadui watatu: ganda la nje, ngozi nyeupe iliyo chini yake, na mbegu. Ganda la nje lina mafuta, yale yanayowaka ukilibinya karibu na mshumaa. Mafuta hayo yakizidi huisumbua hamira; unaweza kukaa siku mbili ukingoja povu lisilokuja. Ngozi nyeupe na mbegu zina tatizo jingine. Ndani yake kuna kitu ambacho chenyewe hakina uchungu. Kikishaingia kwenye juisi yenye asidi, hugeuka polepole kuwa limonini, na limonini ni chungu hata ikiwa kidogo sana. Ndiyo maana juisi ya Navel ukiionja papo hapo ni tamu, ukiirudia baada ya saa kadhaa unakunja uso. Moto huharakisha mgeuko huo. Kwa hiyo kuchemsha juisi hakukuokoi, kunakuharibia, na juu ya hayo kunaiachia ladha ya kupikwa na ukungu usiotulia.

Kuwa mwangalifu usichanganye uchungu na uchachu. Uchachu unarekebishika: unaongeza maji, au unaongeza sukari mwishoni. Uchungu wa limonini hauna dawa ya nyumbani. Sukari huuficha kwa funda la kwanza tu.

Sasa namna ya kumenya. Wauzaji wa barabarani humenya kwa ustadi, wakizungusha kisu na kuondoa ukijani huku wakiacha cheupe chote ili chungwa lisivuje. Sisi tunafanya kinyume. Kata kichwa na kitako mpaka uone nyama, lisimamishe chungwa kwenye ubao, kisha teremsha kisu kutoka juu kwenda chini ukiondoa ganda na cheupe kwa pamoja. Utapoteza nyama kidogo, usisikitike. Kisu kiwe kikali kweli kweli, la sivyo utaishia kulichana chungwa na juisi kumwagika mezani. Ligawanye, toa mbegu kwa ncha ya kisu, na uti mweupe wa katikati uutupe.

Kukamua ni kwa mkono, ndani ya kitambaa. Blenda hapana. Najua inaokoa muda, lakini inasaga mbegu zilizokuponyoka na ngozi za vipande, na hapo umejirudisha kwa shemeji yangu. Binya kitambaa taratibu mpaka juisi iache kutiririka, kisha acha. Usikinyonge kama nguo inayofuliwa. Matone ya mwisho ndiyo yenye uchungu.

Machungwa 150 ni mengi kwa mtu mmoja, na juisi haipendi kungoja. Kusanya watu wanne, wawili wamenye, mmoja atoe mbegu, mmoja akamue, na kazi iishe kwa kikao kimoja. Ukiwa peke yako, ni afadhali ufanye lita 5 kwa chombo kidogo kuliko kukamua leo na kumalizia kesho.

Ukitaka harufu ya ganda, kwangua kwa wembamba ukijani wa machungwa matatu yaliyooshwa vizuri, bila cheupe hata kidogo. Matatu yanatosha jerikeni nzima.

Neno kwa wanaotafuta njia ya mkato: juisi ya dukani yenye sodiamu benzoeti au potasiamu sorbeti haitachachuka. Dawa hizo ziliwekwa humo kwa kazi hiyo hiyo ya kuizuia hamira. Soma kibandiko kwanza.

Hatua ya 3: Maji na sukari

Juisi lita 10, maji yaliyochemshwa yakapoa lita 4, sukari kilo 2. Yeyusha sukari kwenye maji kabla ya kuchanganya. Haidromita ionyeshe karibu 1.080, hiyo itakupa kilevi cha asilimia 11 hivi. Ikiwa chini, ongeza sukari ukikumbuka kwamba gramu 17 kwa kila lita huzaa takriban asilimia moja ya kilevi. Usiikimbize juu zaidi ukidhani unapata mvinyo bora. Unapata hamira iliyochoka na kinywaji kinachounguza koo.

Ukipata potasiamu metabisulfiti, unga wa kuua vijidudu, weka robo kijiko cha chai, funika kwa kitambaa, ngoja saa 24 ndipo uweke hamira. Mwenye pumu ajulishwe, wengine hawapatani nayo. Kimeng'enya cha kukata pektini, kile kitu cha matunda kinachotia mvinyo ukungu, ukikipata, kiingie saa chache kabla ya hamira. Kitakusaidia mvinyo ung'ae. Wapo wanaosema utomvu wa papai unafanya kazi hiyo. Haufanyi: unakata protini, si pektini.

Hatua ya 4: Hamira

Tumia hamira ya mvinyo. Pakiti ya gramu 5 inatosha, na ukiagiza Kampala mtu wa basi anakuletea. Hamira ya mkate itachachusha, sikatai, ila inatulia vibaya, kila ukimimina inanyanyuka kama tope, na ladha ya unga haiondoki. Ukilazimika kuitumia, punguza sukari ibaki kilo moja na nusu.

Usiimwage kavu kwenye juisi. Iweke kwenye nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, nyuzi 35 hadi 40, iache dakika 20. Kisha iongezee juisi kijiko kwa kijiko ndani ya nusu saa, izoee asidi, ndipo uimimine yote.

Juisi ya machungwa haina chakula cha kutosha cha hamira. Njia yangu ni hii: kijiko kikubwa kimoja cha hamira ya mkate nakichemsha kwenye kikombe cha maji dakika 10 mpaka ife, napoza, naimwaga humo. Iliyokufa huilisha iliyo hai. Ile DAP ya duka la pembejeo ni mbolea ya shamba. Isiingie kwenye kinywaji, hata kama umesikia kwamba watengeneza mvinyo hutumia kitu chenye jina hilo. Chao kimetengenezwa kwa kiwango cha chakula.

Hatua ya 5: Kuchachuka

Toboa kifuniko, pitisha mpira, ziba pembeni kwa nta, na ncha ya pili izame kwenye chupa ya maji. Hewa itoke, nzi wasiingie. Vile vinzi vidogo vya matunda ndivyo vinavyobeba vijidudu vya siki. Usifunge kifuniko kikavu kamwe, jerikeni itavimba na kupasuka.

Weka mahali penye kivuli. Joto zuri ni nyuzi 20 hadi 25. Teso mchana hupita hapo, kwa hiyo isimamishe jerikeni kwenye beseni la maji na uivike gunia lililolowa.

Wiki ya kwanza kuna fujo, kisha vipovu vinapungua. Ngoja wiki tatu au nne. Haidromita ikisoma 0.995 au chini, na ikarudia namba hiyo hiyo siku tatu baadaye, imemaliza.

Hatua ya 6: Kuhamisha

Vuta kwa mpira kwenda jerikeni ya pili, mashapo yabaki. Mpira ufike chini ili mvinyo usirukeruke na kushika hewa. Jerikeni hiyo iwe ndogo kiasi cha mvinyo kuijaza karibu na mdomo. Rudia baada ya mwezi.

Hatua ya 7: Chupa

Ukishakuwa mweupe kiasi cha kusoma gazeti ng'ambo ya chupa, jaza. Ukitaka utamu, weka sukari kwenye glasi wakati wa kunywa. Sukari ikiingia kwenye chupa yenye hamira hai, chupa hulipuka. Kabla ya miezi sita bado una makali.

Shemeji aliuliza habari za sumu, kwa sababu nani asiyekumbuka Kabale mwaka 2010, watu walipokufa kwa waragi, pombe kali yetu, uliotiwa methanoli, kilevi chenye sumu. Mvinyo wa matunda ambao haukukenekwa wala kuchanganywa na kitu una methanoli kidogo mno isiyodhuru. Kwa hiyo usiukeneke. Na ukifikiria kuuza, anza na UNBS, shirika la viwango la Uganda, na URA, mamlaka ya mapato, kabla ya kuchapisha vibandiko.

Kwa wenye malimau

Utaratibu ni ule ule, ila juisi ya limau ina asidi ya asilimia 5 hivi, wakati chungwa lina kama 1. Lita moja ya limau inataka maji lita 6 au 7, na sukari uihesabu yote upya, kwa kuwa limau lenyewe karibu halikupi chochote. Hamira iamshwe taratibu zaidi, na juisi iingie kwa mafungu: nusu siku ya kwanza, nusu povu likishasimama vizuri.