Lengo moja, njia tofauti: namna ya kufundisha darasa la wanafunzi wasiolingana

Mwalimu mwenye wanafunzi wa viwango vitatu hushawishika kuandaa masomo matatu: gumu, la kati na jepesi. Usifanye hivyo. Utachoka mapema, na mbaya zaidi, mtoto anayepewa somo jepesi kila siku hatawafikia wenzake hata ajitahidi vipi, kwa sababu hafundishwi wanachofundishwa wao. Lengo la somo libaki moja kwa wote. Kinachobadilika ni msaada, zana na namna ya kujibu.

Andika lengo, kisha tafuta vikwazo

Lengo liandikwe kwa sentensi moja yenye kitenzi unachoweza kukishuhudia. "Mwanafunzi ataelewa sehemu" halifai, maana kuelewa hakuonekani. "Mwanafunzi ataeleza kwa nini 3/4 ni kubwa kuliko 2/3" linafaa. Halafu jiulize: ili alifikie lengo hili, mtoto anahitaji nini kingine ambacho si lengo lenyewe? Huenda anahitaji kusoma haraka, kuona ubao, kukumbuka jedwali la kuzidisha, au kuimudu lugha ya kufundishia. Hivyo ndivyo vikwazo, na una haki ya kuviondoa. Kumpa jedwali la kuzidisha mtoto anayelinganisha sehemu si kumpendelea. Kumpa jedwali hilohilo siku ya kukariri jedwali ni kumnyima somo.

Pima kabla ya kufundisha

Dakika tano zinatosha. Toa maswali matatu kwenye kipande cha karatasi: Ipi kubwa, 1/3 au 1/4? Tia kivuli 3/4 ya mstatili huu. Panga kuanzia ndogo: 1/2, 2/5, 7/8. Katika swali la kwanza dai sababu, kwa kuwa jibu sahihi linaweza kuwa la kubahatisha.

Yasome makosa kwa makini, kwani ndiyo yanayokuambia ufundishe nini. Anayesema 1/4 ni kubwa hajazembea. Amechukua kanuni ya namba nzima, kwamba 4 inaizidi 3, akaipeleka mahali isipofanya kazi. Anayegawa mstatili katika vipande vinne visivyo sawa hajui bado kwamba usawa wa vipande ndio msingi wa sehemu. Hawa wawili wamekosa, lakini hawahitaji msaada uleule.

Panga karatasi katika mafungu kulingana na kosa, na mafungu hayo yavunje wiki hiyohiyo. Kundi la kudumu la "wale wa nyuma" watoto hulitambua mara moja hata ukiliita kwa jina zuri, na anayejihesabu humo huacha kujaribu.

Kutoka mkononi hadi kwenye tarakimu

Kwa somo hili la sehemu, kata kanda za karatasi zenye urefu wa sentimita 24, tatu kwa kila wanafunzi wawili. Urefu huo umechaguliwa kwa sababu 24 hugawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila baki. Ukanda wa kwanza uachwe mzima. Wa pili wapime na kuweka alama kila sentimita 8, wa tatu kila sentimita 6. Wapime kwa rula wasikunje, maana kukunja vipande vitatu vilivyo sawa huwashinda wengi na kipindi huishia hapo. Kisha waweke theluthi mbili juu ya robo tatu: sentimita 16 dhidi ya 18. Tofauti wanaiona na kuigusa.

Hatua ya pili ni kuchora kanda hizo daftarini, na ya tatu ni tarakimu: 8/12 na 9/12. Kosa la kawaida kwenye michoro ni kanda mbili zenye urefu tofauti, na hapo ulinganisho wote huharibika. Sisitiza kwamba kizima lazima kiwe kilekile.

Mwanafunzi mwepesi asipewe hesabu kumi zaidi za aina ileile. Hiyo ni adhabu kwa kumaliza mapema. Mpe swali linalochimba mada hiyohiyo: tafuta sehemu iliyo kati ya 2/3 na 3/4. Mmoja atatazama ukanda, aone sentimita 17 na kuleta 17/24. Mwingine ataleta 5/7. Yote mawili ni sahihi, na kila mmoja athibitishe lake.

Kwa anayekwama, tumia mifano inayopunguzwa. Mfano wa kwanza umekamilika, wa pili umekosa mstari wa mwisho, wa tatu una mstari wa kwanza pekee, wa nne ni wake mwenyewe. Akipata mbili mfululizo bila kuchungulia mfano, msaada uondoke. Walimu wengi huweka msaada vizuri sana, wakasahau kuuondoa, na mtoto akaja kuamini kwamba hawezi bila huo.

Maswali na ukimya

Katika utafiti wa miaka ya 1970, Mary Budd Rowe aliona kwamba walimu walisubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi wakajitokeza. Sekunde tatu za ukimya ni ndefu kwa aliyesimama mbele, kwa hiyo hesabu kimoyomoyo. Uliza kwanza, nyamaza, ndipo utaje jina. Ukianza na jina, wengine wote hupumzisha akili.

Kwa swali zito, kila mmoja aandike peke yake kwa dakika moja, kisha wazungumze wawili wawili kwa dakika mbili, ndipo uwasikilize. Anayejifunza katika lugha isiyo ya nyumbani kwao hupata nafasi ya kujaribu maneno kwa mtu mmoja kabla ya kusemea darasa zima. Mruhusu aanze kwa lugha yake.

Usimsimamishe ghafla mtoto anayesoma kwa shida. Mpe aya yake siku moja kabla. Na "mmeelewa?" si swali, maana jibu lake huwa "ndiyo" siku zote. Muulize mmoja arudie maagizo kwa maneno yake. Maagizo yenyewe yawe machache, yenye namba, na yabaki ubaoni hadi kazi iishe.

Darasa likiwa kubwa mno kusikiliza kila mtu, toa swali lenye majibu matatu na wote waonyeshe vidole, kimoja, viwili au vitatu, kwa wakati mmoja. Wakionyesha kwa kupishana, watanakiliana.

Macho, masikio na nafasi ya kukaa

Usiongee ukiutazama ubao. Usisimame dirisha likiwa nyuma yako, kwani uso wako hutiwa giza na anayesoma midomo hupoteza kila kitu. Unachoandika kitamke. Usitofautishe jibu sahihi na kosa kwa rangi nyekundu na kijani pekee, kwa sababu wapo wasiozitofautisha. Ongeza alama au mstari. Kwa uoni hafifu anza na maandishi ya pointi 18 (kipimo cha ukubwa wa herufi kwenye kompyuta), kisha muulize mwenyewe ukubwa unaomfaa.

Kiti cha mbele si dawa ya kila kitu. Mwenye usikivu hafifu hufaidika mbele upande wa pembeni, ili ageuke na kuona nyuso za wenzake. Kama sikio moja ndilo zima, lielekee darasani. Anayevurugika umakini mweke mbali na mlango, na umtume mara kwa mara kugawa vifaa ili mwili wake upate kusogea.

Kuwagawa watoto kuwa "wa kuona" na "wa kusikia", yaani wanaodhaniwa kujifunza vizuri kwa macho tu au kwa masikio tu, kuacheni. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kufundisha kwa mgawanyo huo kunasaidia. Picha pamoja na maelezo huwafaa wote.

Dakika nne za mwisho

Swali moja kwenye karatasi, linalopima lengo lenyewe. Anayeandika kwa shida ajibu kwa mdomo au kwa kuonyesha kanda zake. Panga tena mafungu jioni hiyo: waliofika, waliokaribia, wasioanza. Kipindi kijacho anza na fungu la tatu kwa dakika kumi wengine wakifanya marudio.

Andika pia msaada gani ulimfaa nani. Mtoto asiyesogea kwa wiki kadhaa licha ya misaada mbalimbali, omba kwanza apimwe macho na masikio, kisha upeleke kumbukumbu hizo kwa wazazi na mtaalamu wa mahitaji maalumu.